Maswali ya Wasomaji: Kirusi Kilichobaki Kwenye Chicha

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Mikindani. Binti yangu wa kidato cha tatu anasema kuna virusi vikubwa kuliko baadhi ya bakteria, ilhali mimi nilifundishwa kwamba hadubini ya shuleni haiwezi kuonyesha kirusi. Nani amekosea? Vinaishi wapi, vilitoka wapi, na sisi tunaoshinda majini tuviogope? – Mzazi, Mtwara

JIBU: Binti yako yuko sahihi, nawe hukudanganywa, ulifundishwa yaliyojulikana wakati ule. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, kirusi kilitambuliwa kwa kupenya chujio ambalo bakteria hawapiti. Aliyewahi kukamua nazi kwa kifumbu atanielewa: wataalamu walichunguza tui, chicha wakaitupa, kumbe humo namo mlikuwa na virusi.

Mwaka 1992, wachunguzi wa mlipuko wa homa ya mapafu huko Bradford, Uingereza, walikuta ndani ya amiba, kijidudu cha seli moja, katika maji ya mnara wa kupozea, kidubwana kilichoshika rangi ya maabara kama bakteria, wakakihesabu hivyo. Ni mwaka 2003 ndipo watafiti wa Marseille, Ufaransa, walipotangaza kuwa ni kirusi, wakakiita Mimivirusi kwa sababu kinaiga bakteria. Pamoja na nyuzi zinazokizunguka kama manyoya, kina upana wa nanomita 700 hivi (nanomita ni milimita moja ikigawanywa mara milioni), wakati kirusi cha mafua kina kama 100. Kina vinasaba zaidi ya 900, na wapo bakteria wanaoishi kwa 500 na ushei. Mwaka 2013 zikafuata Pandoravirusi, kutoka pwani ya Chile na bwawa la Australia, na mwaka 2014 Pithovirusi, kilichokaa miaka 30,000 katika ardhi iliyoganda ya Siberia na bado kikaweza kuambukiza amiba.

Wenyeji wakuu wa virusi hivi vikubwa, yaani viumbe vinavyoviambukiza, ni amiba, mwani na vijidudu vingine vya majini. Nadhani ukubwa huo ni mtego: amiba humeza chembe zenye ukubwa wa bakteria, hivyo hujimezea adui akidhani ni riziki.

Kuhusu asili, wapo waliodai kwamba ni mabaki ya seli za kale zilizopoteza viungo vyake, hasa ribosomu, kiwanda cha protini ambacho hakuna kirusi kilicho nacho. Mimi naelemea upande wa pili: virusi vidogo vilivyokua kwa kudokoa vinasaba vya wenyeji. Klosneuvirusi, kundi jingine la virusi vikubwa vilivyoelezwa mwaka 2017, vina vinasaba vya kutengenezea protini vilivyochukuliwa kwa wenyeji tofauti, kwa nyakati tofauti, na urithi wa babu mmoja haungeonekana hivyo.

Ogeleeni tu, haijathibitishwa kwamba Mimivirusi humletea mtu ugonjwa. Ila ukoo wake mpana una jamaa wabaya: kirusi cha ndui, na kile cha homa ya nguruwe ya Afrika, kilichoelezwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921.