Kwa Wanaoanza Kuunda Injini ya Meli: Msiilazimishe Kuzunguka

Ndugu zangu mlioanza karibuni, ninyi mliokwisha kumaliza injini ndogo ya silinda moja na sasa mmefungua sanduku la vipande vya kusubu vya injini ya mvuke ya meli ya mfano, ya hatua tatu (mvuke uleule hupita silinda ya presha ya juu, ya kati, kisha ya chini), naandika kwa sababu ya mota ya umeme. Nimemwona tena mmoja wenu akiifunga kwenye krenki (ekseli yenye viwiko inayozungushwa na pistoni) ya injini iliyokataa kuzungushwa kwa mkono, kisha akaiacha ingurume mchana kutwa, eti ijilainishe. Ikalainika kweli, maana beringi iliyoliwa upande mmoja nayo ni laini.

La kwanza, chagueni skeli mkijua kwamba mvuke haupunguzwi pamoja na chuma. Injini ya meli za Liberty, zilizojengwa kwa maelfu nchini Marekani kati ya 1941 na 1945, ilikuwa na silinda za kipenyo cha inchi 24.5, 37 na 70, na mwendo wa pistoni wa inchi 48. Kwa skeli ya 1:24 mnapata takriban milimita 26, 39 na 74, na mwendo wa inchi 2 kamili. Hesabu inapendeza, lakini ujazo hupungua kwa mchemraba ilhali eneo la kuta hupungua kwa mraba, kwa hiyo silinda ndogo hupoza mvuke upesi kuliko ile ya meli, na silinda ya presha ya chini, ambayo ndiyo pambo la injini nzima, mara nyingi hubebwa na zile mbili badala ya kufanya kazi. Mkiijaribu kwa hewa ya kompresa yenye presha ndogo ndiyo kabisa, kwani hewa huishiwa nguvu kabla ya kuifikia. Msianze kutafuta kosa ambalo halipo.

La pili, krenki ya kuunganishwa kwa vipande isikatwe ile sehemu ya ekseli iliyo katikati ya viwiko kabla gundi haijakauka na pini zote hazijaingia.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Uso wa chini wa silinda ukerezwe katika ufungaji uleule uliotumika kukereza tundu lake, bila kuilegeza kazi kwenye mashine. Nyote mnalijua hilo, nami nililijua vilevile, lakini kipande changu kilikuwa kikubwa na mashine ilikuwa ndogo, nikakigeuza na kukikalisha juu ya flanchi niliyoisawazisha kwa tupa na kwa jicho. Kosa lililotokea halikuzidi sehemu tano za mia za milimita kwenye flanchi ya milimita 50, na skwea haikuniambia kitu. Bahati mbaya fimbo ya pistoni hushikwa mahali patatu, yaani pistoni juu, glandi (kizibo chenye nyuzi za kuzuia mvuke usivuje kando ya fimbo) katikati na krosihedi (kiungo kinachoteleza kwenye reli) chini, na mahali patatu pasipokuwa katika mstari mmoja hapana msamaha. Nilipokwisha kufunga kila kitu, injini ilizunguka vizuri mpaka pistoni ya silinda ya kati ilipokaribia juu, hapo ikabana. Nikaitazama fimbo, nikaona mstari mweusi upande mmoja tu, na mtu mwenye akili angekoma hapo na kuifumua. Mimi nilichukua kekee nikapanua tundu la glandi. Injini ikazunguka, nikafurahi. Baadaye ikabana tena, nikapanua tundu la kifuniko cha chini, kisha nikalegeza reli za krosihedi, na kila hatua ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite. Mvuke ulipoingia, glandi ilitema maji kwa kila pigo hata kwa nyuzi mpya za grafiti, reli zikalowa, na pistoni, ambayo sasa ilikuwa huru kuinama, ikachora ukuta wa silinda upande mmoja mkwaruzo ambao ukucha ulikwama ndani yake. Waliokuja kutazama walisema inakwenda. Ilikwenda, kwa presha maradufu ya ile iliyohitajika! Mwishowe nililazimika kuingiza bushi, yaani ganda jipya la ndani, kwenye silinda, kutengeneza kifuniko kipya na glandi mpya, na kuukereza upya ule uso wa chini kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

Kwa hiyo injini ikibana, ifumueni. Izungusheni krenki peke yake kwenye beringi zake, kisha ongezeni konrodi moja (mkono unaounganisha krosihedi na krenki) na krosihedi yake, kisha pistoni bila nyuzi za glandi, silinda moja baada ya nyingine, na mahali itakapobana ndipo palipo na kosa. Pakeni fimbo rangi ya buluu ya kukagulia, nayo itawaonyesha upande.

Kuhusu valvu sitasema mengi, isipokuwa hili: kama silinda ya presha ya juu ina valvu ya pistoni inayopokea mvuke kwa ndani, na hizo nyingine zina valvu bapa zinazopokea kwa nje, ekisentriki zake (visahani vya kwenye krenki vinavyoendesha valvu) hukaa digrii 180 kinyume na mahali ambapo zingekaa kwa valvu bapa. Yupo aliyezifunga zote sita, mbili kwa kila silinda, kwa mpangilio mmoja. Silinda moja ilivuta mbele, mbili zikavuta nyuma, injini ikasimama ikitetemeka, naye akaulaumu mvuke kwamba ni hafifu, akaongeza presha. Fungueni kifuniko cha sanduku la valvu mtazame kwa macho: pistoni ikiwa juu kabisa, na tena ikiwa chini kabisa, mlango wa mvuke uwe umefunguka kidogo sana na kwa kiasi kilekile.

Boila ipimwe kwa maji na pampu ya mkono hadi presha maradufu ya ile ya kazi, kamwe si kwa hewa. Mafuta yawe yale ya silinda za mvuke. Koki za kutolea maji ziachwe wazi mpaka silinda zipate moto, kwa kuwa maji hayakandamiziki na konrodi ndiyo itakayopinda. Baada ya kazi, pulizeni maji yote nje injini ikiwa bado ya moto, tieni mafuta, izungusheni kwa mkono, kwani chuma cha kusubu kikiachwa na unyevu huanza kushika kutu usiku uleule, na kuzitoa pete za pistoni zilizoshikwa na kutu bila kuzivunja ni kazi ambayo sijamwona mtu akiifanya kwa utulivu.