Asali ya kikohozi, na mnanaa kabla ya baridi

Dada, umeuliza kama asali na kitunguu vinawafaa wanao kwa kikohozi huko Minnesota, na mnanaa wa bustanini uufanyeje kabla baridi haijauua.

Huyo wa miezi minane usimpe asali kabisa, hata ya kulamba kidoleni. Kwa mtoto chini ya mwaka 1 inaweza kuleta botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli, na kuichemsha jikoni hakusaidii. Mkubwa wa miaka minne mpe asali, kijiko kidogo cha chai, kabla ya kulala. Kitunguu kikate vipande vyembamba, kitie kwenye chupa ya kioo, mwagia asali mpaka kizame, uache usiku kucha kwenye friji. Asubuhi asali itakuwa nyepesi, chuja. Harufu yake, mh, utazoea. Mimi naona asali ndiyo inayotuliza koo, kitunguu kinasindikiza tu.

Kujifukiza usiwafanyie watoto, maji ya moto huwaunguza.

Mnanaa ukate umande ukishakauka, funga mafungu madogo, ning'iniza kichwa chini pasipo jua. Majani yakikauka hata yakavunjika kwa mlio, yahifadhi.

Mtoto akihema kwa shida, au huyo mdogo akikataa kunyonya, mpeleke hospitali mara moja.