Msumeno kwanza, hadubini baadaye

Wewe unayeanza kulinganisha mbao za miti ya jamii moja inayokua haraka, tuseme mikaratusi ya spishi mbili, swali la kwanza ni hili: sampuli umeikata wapi?

Mimi niliwahi kupima urefu wa nyuzi (seli ndefu nyembamba za mbao) wiki tatu mfululizo, nikapata tofauti nzuri, nikaanza kutamba. Halafu nikaulizwa kila kijiti kilitoka umbali gani kutoka kiini cha shina. Kimoja kilitoka kiinini kabisa, kingine karibu na gome. Nyuzi za karibu na kiini huwa fupi, na hurefuka kadiri unavyosogea nje. Nilikuwa nimepima nafasi ndani ya shina, nikaiita spishi. Miti hii ndiyo yenye mtego zaidi, kwa kuwa huvunwa mapema, na sehemu kubwa ya gogo bado ni mbao changa, ile ya karibu na kiini. Kata kwenye kimo kimoja (sentimita 130 kutoka ardhini ndiyo desturi) na kwenye pete ileile ya ukuaji, au umbali uleule kutoka kiini. Chukua miti kadhaa kwa kila spishi. Vipimo 100 vya mti mmoja bado ni mti mmoja.

Mti ulioinama uache. Upande wake wa juu hujenga nyuzi zenye tabaka la ndani laini, selulosi tele, lignini (kile kinachokakamaza ukuta wa seli) kidogo mno. Ukitia rangi za safranini na astra bluu, kuta za seli za kawaida huwa nyekundu. Nyuzi hizi utaziona na pete ya bluu ndani, mara nyingine imebanduka ukutani kama soksi iliyolegea. Mimi hupenda sana kuzitazama. Ila zikiingia kwenye vipimo vya unene wa kuta, jedwali limekwisha.

Wengi huishia kwenye mkato wa kukingama, yaani kukatiza shina kwa upana wake, na hapo ndipo ndugu wanapofanana kupita kiasi. Mierebi na mipopla ni mfano: matundu (mirija ya maji) madogo tele, miali (mistari ya seli itokayo kiini kwenda gome) ya safu moja, huwezi kuapa ni ipi. Sasa kata kwa kufuata mwali, kutoka kiini kwenda gome. Kwenye mipopla seli zote za mwali zimelala. Kwenye mierebi zile za kingoni zimesimama. Lakini kutenganisha mipopla yenyewe kwa yenyewe, mara nyingi hadubini haitoshi, na ripoti yako iseme hivyo bila aibu.

Majina ya sifa usijitungie. Orodha ya IAWA (chama cha kimataifa cha wanaanatomia wa mbao) ya 1989 ina sifa 163 za mbao za miti ya majani mapana. Ifuate ili mwingine aweze kulinganisha na kazi yako.

Kisu kiwe kikali, vipande viwe na unene wa mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 15 hadi 20. Na lebo andika kwa penseli. Wino huyeyuka kwenye alkoholi: nina chupa mbili rafuni, zina vipande safi kabisa, na sijui ni vya mti gani.