Wikendi ya bure Malindi: amueni mkiwa nyumbani

Swali la wiki hii lilikuwa hivi: mume na mke wamepigiwa simu na kuambiwa wamepata mapumziko ya siku mbili Malindi bila malipo, kwa sharti moja tu, wahudhurie kikao cha saa moja na nusu cha kuuziwa wiki za likizo, ile biashara ambayo wauzaji wake huiita taimushea, yaani unalipia haki ya kukaa hotelini wiki moja kila mwaka kwa miaka mingi. Waende au wasiende?

Mimi nasema wasiende. Nimefanya kazi ya mapokezi katika hoteli za Malindi na Watamu kwa miaka mingi, na vikao vya namna hii nimeviona vikifanyika ukumbi wa pili kutoka pale nilipokaa. Nawaandikia hasa walio kwenye ndoa changa, walimu, manesi, watu wa ofisini Nairobi na Mombasa, kwa sababu hao ndio wanaopigiwa simu. Mwaka jana alipigiwa binti wa kaka yangu.

"Shangazi, tumeshinda!" aliniambia.

Nikamuuliza wameshinda mchezo gani. Hakuwa amecheza mchezo wowote. Alikumbuka tu kwamba aliwahi kuandika namba yake ya simu kwenye karatasi fulani mlangoni mwa supamaketi. "Ila wamesema lazima tuje wote wawili, mimi na baba watoto, na tubebe vitambulisho."

Nikamwambia, mwanangu, anza kufikiri hapo hapo. Kwa nini lazima wawili? Kwa sababu neno ambalo muuzaji halipendi kulisikia ni "ngoja nikashauriane na mwenzangu." Mwenzako akiwa kando yako mezani, neno hilo limeshaondolewa. Na kwa nini waulize umri, kazi na mshahara kabla ya kukupa zawadi? Zawadi ya kweli haiulizi mshahara.

Ninachotaka kusema zaidi ya yote kinahusu tabia yetu wenyewe, na ni tabia njema. Tumelelewa kuona haya. Mtu akikukaribisha, akakuvutia kiti, akakutilia juisi ya bungo ya baridi, akawatafutia wanao mtu wa kucheza nao kando ya bwawa, huinuki tu ukamwacha katikati ya maneno. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, na deni hilo tunalihisi hata pale ambapo hakuna aliyelitaja. Kikao chote kimejengwa juu ya haya hiyo. Glasi ile, jina lako linalotajwa kila baada ya dakika mbili, maswali kuhusu wazazi wako na safari uliyoikosa utotoni, yote yana kazi yake.

Siku moja alitoka ukumbini mzee mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, akaja kwangu kuomba maji. Nikampa. Hakunywa. Alisimama pale akikunja na kukunjua kile kikaratasi cha namba ya meza.

"Shikamoo mzee. Kuna tatizo?"

"Marahaba mwanangu. Nataka kwenda zangu. Lakini yule kijana amehangaika sana na sisi, sijui nimuage vipi."

Saa zilikuwa zimepita karibu nne tangu waingie, na mkewe alikuwa bado mezani, mkoba mapajani. Mzee aliyetawala shule nzima alikuwa anatafuta ruhusa ya kutoka kwenye kikao alichokuja kwa hiari yake. Jambo hilo liliniuma na linaniuma mpaka leo, maana kijana yule alikuwa kazini tu, na kesho yake angemkaribisha mzee mwingine kwa upole ule ule. Nilimwambia mzee amwite mkewe kwa jina, kisha watoke. Walitoka.

Mambo ya mezani kwa kawaida huenda hivi. Muuzaji hakai mkabala nanyi, anakaa pembeni, kama mmoja wa familia. Anaandika hesabu kwenye karatasi tupu: mnatumia kiasi gani kwa likizo kila mwaka, zidisha kwa miaka ishirini, jumla inatisha. Halafu inakuja bei yake, nayo ghafla inaonekana ndogo. Mkisita, anaitwa meneja na bei inashuka. Mkisita tena, anakuja mwingine na bei ya tatu, na hiyo ni ya leo tu, mkitoka mlangoni imekufa. Meza nyingine ikikubali, watu wanapiga makofi. Kuhusu zile karatasi za hesabu, nilikuwa nikiwaona wahudumu wa usafi wakizizoa jioni na kuzitupa. Kila ahadi iliyoandikwa juu yake iliishia kwenye pipa la taka. Mtakachofungwa nacho ni mkataba uliochapwa, na huo mara nyingi huwekwa mbele yenu mwishoni, mkiwa mmechoka na watoto wana njaa.

Sasa tupige hesabu ambayo wao hawaipigi. Chukueni mfano wa kubuni tu: wiki moja kila mwaka kwa miaka 20, bei shilingi 600,000, na ada ya matunzo shilingi 35,000 kila mwaka. Bei ikigawanywa ni 30,000 kwa mwaka. Ongeza ada, mnalipa 65,000 kwa wiki moja, yaani zaidi kidogo ya 9,000 kwa usiku, na hamjalipa nauli wala chakula. Na ada haikai pale ilipo. Ikipanda kwa asilimia 5 tu kila mwaka, baada ya miaka kama 14 imefika maradufu. Mnailipa mje msije, mtoto awe mgonjwa, kazi iwe imekwisha. Na mkichukua mkopo kuilipia, riba inaingia juu ya hayo yote. Pesa hizo hizo zikikaa kwenye sacco zinaleta gawio, na sacco nyingi zitakukopesha hadi mara tatu ya akiba yako siku ya ada ya shule. Wiki ya likizo haikukopeshi chochote.

Watasema ni mali, mtawarithisha watoto, mkichoka mtauza. Hapo muwe macho kabisa. Katika mikataba mingi kinachouzwa ni haki ya kukaa, wala si ardhi, wala hamna hatimiliki mkononi. Kuuza tena ni kugumu, huko Marekani na Ulaya ambako biashara hii imezeeka wapo wanaotaka kuitoa bure ili tu waepuke ada, na hawapati wa kuichukua. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2008 inakataza waziwazi kuuza taimushea kwa jina la uwekezaji. Pia inataka mwaliko wenyewe useme kwamba ni kikao cha mauzo, inampa mnunuzi siku 14 za kubadili nia bila kutoa sababu, na inakataza muuzaji kupokea pesa kabla siku hizo hazijaisha. Kule wameumia kwanza ndipo wakaweka sheria hizo.

Nasi hatuko mikono mitupu. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012 hapa Kenya imeitaja mikataba ya aina hii na inampa mnunuzi haki ya kuivunja bila kutoa sababu, ndani ya muda uliowekwa tangu apokee nakala yake ya maandishi. Kwa hiyo mkataba usio na nakala ya kubeba nyumbani msiuguse.

Halafu kuna bahari yenyewe, na hili mtu wa bara hawezi kulijua kwa kutazama picha. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, maji ni matulivu na hoteli zinajaa. Kusi ikiingia kuanzia Aprili, bahari huchafuka na mwani hujaa ufukweni. Mvua zikinyesha bara, Mto Sabaki huleta maji ya udongo mwekundu hadi ghuba ya Malindi, na baadhi ya hoteli hufunga Mei na Juni. Ukutani pale ukumbini zinaning'inizwa picha za Januari. Wiki mtakayopata ni ipi? Mkiambiwa "wiki yoyote mpendayo," jueni kwamba Desemba kila mwenye watoto wa shule anaitaka, na anayewahi kupiga simu ndiye anayeipata. Mkiambiwa mtaibadilisha kwa wiki Hispania au Florida, ni kweli kampuni za kubadilishana zipo, RCI tangu 1974 na Interval International tangu 1976, lakini mnalipa uanachama na ada ya kubadilisha, na mnachopata kinategemea thamani ya wiki mliyotoa. RCI kwa miaka mingi ilizipanga wiki kwa rangi, nyekundu zikiwa ndizo zilizotakiwa zaidi. Wiki ya masika ya Malindi haitanunua Agosti ya Ulaya.

Na hiyo zawadi? Ulizeni kabla hamjafunga mzigo. Mara nyingi ni katikati ya wiki, si wikendi. Kuna amana ya kulipa mapema. Chakula ni cha asubuhi pekee. Nauli ni yenu. Kutoka Nairobi ni treni hadi Miritini, stesheni ya Mombasa, kisha barabara ya kilomita kama 120 kupitia Mtwapa na Kilifi, pamoja na watoto. Jumlisheni. Msimu wa mvua mtapata chumba kizuri hapa mjini kwa bei ya kuzungumza, mkakaa mnavyotaka, asubuhi mkala mahamri na mbaazi, mkaenda magofu ya Gede au mkakodi mashua kwenda Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968. Siku mbili za likizo kwa mtu wa kazi ni kitu kikubwa, na nusu siku ya hizo kuimaliza kwenye kiti cha ukumbi, mkibishana kwa macho mume na mke, ni gharama ambayo haiandikwi popote.

Wapo wanaofaidika, sitawanyima haki yao. Familia inayokuja pwani kila Desemba bila kukosa, mahali pale pale, watu sita au saba, yenye pesa taslimu na si mkopo, iliyosoma mkataba wote na kuridhika na ada. Nimewapokea wa namna hiyo na walifurahi. Lakini hao walifanya uamuzi wao kwa utulivu. Hawakuletwa na zawadi ya bure.

Kama baada ya haya yote bado mnataka kwenda, basi amueni nyumbani, wawili, mlango umefungwa, kwamba hamnunui siku hiyo hata bei ishuke vipi. Masharti ya zawadi yaombeni kwa ujumbe wa maandishi kabla ya safari. Kadi za benki ziacheni nyumbani. Mkifika, tajeni saa mtakayoondoka, na saa hiyo ikifika inukeni, mmoja asimsubiri mwenzake.

Na msitoe sababu. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona watu wenye akili timamu wakinaswa nalo. Ukisema huna pesa, kuna malipo ya kila mwezi. Ukisema huna likizo, unaweza kuwapa wazazi wako, hawastahili? Ukisema unataka kufikiria, hebu tufikirie pamoja, ni nini hasa kinachokusumbua? Kila sababu unayotoa ina jibu lililoandaliwa zamani. "Hatununui, ahsante kwa ukarimu" halina jibu. Lisemeni kwa adabu, lirudieni kwa maneno yale yale. Kumkatalia mtu biashara si kumkosea heshima, na kijana wa mauzo hatalala na njaa kwa sababu yenu.

Yule binti wa kaka yangu na mumewe hawakuja kwa zawadi ile. Walikuja likizo ya Agosti kwa pesa zao, wakafikia kwangu.

Kwa wale waliokwisha kutia saini na sasa hawalali: fungueni mkataba leo, tafuteni sehemu ya kuvunja mkataba na muda wake, na andikeni barua fupi inayosema mnauvunja na mnataka pesa zenu zirudi. Tarehe, majina, namba ya mkataba, saini zenu mbili. Ipelekeni kwa mkono wapige mhuri kwenye nakala yenu, na itumeni kwa barua pepe pia. Akitokea mtu kwa simu akiahidi kuwauzia wiki hiyo kwa bei nzuri mkimtumia ada kwanza, msimtumie hata shilingi. Na msimpigie aliyewauzia kumwomba kibali. Kuvunja ndani ya muda hakuhitaji kibali chake.