Chombo Kilichojaa na Matawi Matatu

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika arusi za Kampala maua hujazwa chomboni hadi pomoni, ilhali picha za Kijapani huonyesha matawi matatu tu. Tofauti hiyo ilitoka wapi? Msomaji, Entebbe.

JIBU: Ndugu msomaji, ikebana, yaani upangaji wa maua wa Wajapani, ilitokana na maua yaliyotolewa sadaka mbele ya sanamu za Buddha, na katika karne ya 15 watawa wa hekalu la Rokkakudo, mjini Kyoto, waliikuza ikawa sanaa yenye kanuni zake, ambamo nafasi tupu baina ya matawi huthaminiwa kama ua lenyewe. Chombo kilichojaa ni urithi wa Ulaya. Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 waliunganisha katika picha moja maua ya majira mbalimbali, hivyo mengi ya mashada hayo ya fahari hayakuwahi kuwekwa mezani. Mimi naupenda zaidi utulivu wa Kyoto, na mawaridi yanayolimwa huko kwenu Entebbe yanaufaa kabisa.