Wateja hawaogopi AI, wanauliza itawafaa nini

Mkuu umeuliza kwanini watu wetu wakiona bidhaa imeandikwa AI, yaani akili mnemba, wanaikwepa, ukasema ni ushamba na woga wa maroboti. Mi nauza TV na simu hapa Mwanza mitaa ya Makoroboi, na kwa wateja wangu sijaona huo woga.

Juzi kati kaja mama mmoja wa Kirumba, anafanya biashara ya dagaa, anataka TV. Nikamwonyesha ile ya kuongea nayo, unabonyeza kitufe cha maiki kwenye rimoti unaiambia unachotaka. Akasema "niwekee kwaya", ikaleta mavitu hayaeleweki, akarudia taratibu kabisa, wapi! Akanigeukia, "Sasa baba, Kiswahili chenyewe haikisikii, na bibi yao nyumbani anajua Kisukuma tu, hiyo hela ya juu nalipia nini?" Na kweli bei ilipandia hapo hapo. Akachukua ya kawaida.

Huyo mama ana hoja, hizi mashine zinajua kile zilichofundishwa tu. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu za makampuni makubwa zinazotambua jinsia ya mtu kwa kuangalia sura, kwa wanaume weupe makosa hayakufika hata asilimia 1, kwa wanawake weusi kuna iliyokosea karibu asilimia 35. Aisee hiyo iliniuma.

Na hao hao wanaoikwepa wanaitumia kila siku bila kuiita jina, kamera inayosafisha picha ya usiku, kibodi inayokubashiria neno, hakuna anayelalamika maana inafanya kazi. Hata Marekani, utafiti wa chuo kikuu cha Washington State uliotoka 2024 ulikuta ukiandika tu AI kwenye maelezo ya bidhaa hamu ya kununua inashuka, hasa kwa vitu vya bei kubwa. Nao ni washamba?

Maroboti ya kufagia kama Roomba yapo sokoni tangu 2002, ila jamaa wa Isamilo aliyeniulizia alianza na spea, betri ikifa nani anabadilisha hapa Mwanza? Sikuwa na fundi wa kumtajia, na kumuuzia hivyo hivyo nisingeweza.

Kwahiyo siku hizi dukani kwangu chenye AI nakiwasha, mteja anakijaribu mwenyewe kwa Kiswahili chake, kikigoma namwambia wazi hiyo hela ya nyongeza aiache.