Daftari la wagonjwa niliowaambia wasubiri

Madaktari wachanga wanaojifunza upasuaji chini yangu huniuliza mara kwa mara tulifanyaje kazi wakati wa korona, na wanapouliza huwa wanatarajia habari za barakoa, mavazi ya kujikinga na wagonjwa waliokosa pumzi. Habari hizo ninazo, na nitazigusia. Lakini kosa lililonifunza zaidi halikutokea kwenye meza ya upasuaji; lilitokea kliniki, nilipomwambia mgonjwa arudi nyumbani asubiri.

Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye kafyu ilianza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na ilipofika tarehe 8 Aprili watu walikatazwa kuingia na kutoka katika kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi. Hospitali ya umma ninayofanya kazi hapa Mombasa, kama hospitali nyingi duniani, ilisimamisha upasuaji wote usio wa dharura ili vitanda, oksijeni na mavazi ya kujikinga visiishe. Ulikuwepo pia usalama wa mgonjwa mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwezi Mei mwaka huo, uliofuatilia wagonjwa 1,128 katika nchi 24 waliopasuliwa wakiwa na virusi hivyo, ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya kila wanne alifariki ndani ya siku 30. Kwa hiyo sijutii kwamba tulisimama. Ninachojutia ni namna tulivyosimama.

Maneno "si dharura" yalitudanganya. Ngiri inayorudi ndani kwa kusukumwa na kidole si dharura, na uvimbe wa titi usiouma nao si dharura, ila ya kwanza yaweza kukaa miezi bila madhara makubwa na wa pili hauwezi. Mwezi huo wa Machi alinijia mama mmoja aliyevuka feri ya Likoni akitoka Kwale, akiwa na uvimbe wa titi usiozidi ukubwa wa kunazi. Nilimwambia kwamba mambo yakitulia tutampigia simu. Namba aliyotupa ilikuwa ya jirani yake, na iliandikwa kwenye kikaratasi ambacho hadi leo sijui kilikwenda wapi. Aliporudi mwezi wa Agosti, uvimbe ulikuwa umepasua ngozi. Hakunilaumu, na laiti angenilaumu ningepata la kujibu. Alisema tu, "Daktari, uliniambia nisubiri simu, nami nikasubiri."

Jioni hiyo nilinunua daftari kubwa la mistari, lile la jalada gumu ambalo wenye maduka huandikia madeni, na ushauri wangu wa kwanza kwa daktari yeyote atakayekutwa na janga jingine ni kwamba anunue lake siku ya kwanza, si miezi mitano baadaye kama mimi. Katika kila mstari tuliandika jina la mgonjwa, ugonjwa wake, siku aliyoambiwa asubiri, namba mbili za simu, moja ikiwa ya ndugu anayeishi karibu naye, na jina la daktari aliyeamua. Safu muhimu kuliko zote tuliiita "mwisho wa kusubiri", yaani tarehe ambayo ikipita, hatari ya kungoja inakuwa kubwa kuliko hatari ya kupasuliwa wakati wa janga. Kuijaza safu hiyo kunamlazimisha daktari kufikiri. Ni rahisi kusema "baadaye". Ni vigumu zaidi kuandika tarehe na kutia jina lako pembeni yake. Kila Jumatatu nililisoma daftari pamoja na muuguzi mkuu wa thieta na daktari wa nusukaputi, yaani anayemlaza mgonjwa usingizi, na yeyote ambaye tarehe yake ilikuwa imekaribia alipigiwa simu siku hiyo hiyo.

Simu hizo zilinifundisha kwamba mgonjwa anayesubiri anahitaji kujua anasubiri nini. Mwenye ngiri aelezwe kwa maneno ya nyumbani kwamba ikigoma kurudi ndani, ikawa ngumu na yenye maumivu, au akianza kutapika, aje wakati huo huo hata kama ni usiku wa kafyu. Lisemeni hilo waziwazi. Tulipokea watu wenye kidoletumbo kilichopasuka ambao maumivu yao yalianza magharibi, lakini wakaogopa polisi njiani, au wakaogopa kwamba wakifika hospitali watapelekwa karantini, wakaumia hadi alfajiri na wengine hadi siku ya tatu. Baadaye tuliwapa wagonjwa wa aina hiyo barua yenye mhuri wa kuonyesha njiani. Sidhani kama barua hiyo iliwahi kusomwa na askari hata mmoja, lakini iliwapa ujasiri wa kutoka nje.

Kuhusu thieta yenyewe nitasema machache. Hatari kubwa ilikuwa pale mrija wa kupumulia unapoingizwa kooni au kutolewa, kwa hiyo wakati huo daktari wa nusukaputi alibaki na msaidizi mmoja tu, nasi wengine tukasubiri nje. Pale ilipowezekana tulitumia sindano ya ganzi ya mgongoni ili mrija usihitajike kabisa. Kwa joto la Mombasa, mavazi yale ni adhabu, na mtu aliyechoka huyavua ovyo. Hapo ndipo anapojichafua kwa virusi. Wekeni mtu ambaye kazi yake ni kumtazama mwenzake anapovua, na apewe mamlaka ya kumkemea hata daktari bingwa. Mimi nilikemewa na mwanafunzi wa uuguzi kwa kugusa barakoa kabla ya kunawa, nikamshukuru, ingawa kwa shingo upande.

Mwezi wa Julai mwaka huo Dk. Doreen Lugaliki, daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi jijini Nairobi, alifariki kwa ugonjwa huo, na kwa siku kadhaa hakuna aliyezungumza sana katika chumba chetu cha kubadilishia nguo. Nyumbani nilihamia chumba cha nje, chakula changu kikawekwa mlangoni. Ningewashauri mnaoanza kazi msiufanye utengano huo kuwa wa siri. Watoto wangu waliambiwa nina kazi nyingi, wakaamini kwamba nimewakasirikia.

Janga lilipopungua, tulidhani daftari limemaliza kazi yake, kumbe hapo ndipo lilipohitajika zaidi. Watafiti walikadiria kwamba katika wiki 12 za msukosuko wa mwanzo upasuaji wa kupangwa zaidi ya milioni 28 ungeahirishwa au kufutwa duniani kote, na sehemu yetu ya deni hilo ilikuwa mbele yetu kwa majina. Aliyepiga kelele sana kliniki hakutangulizwa, tulifuata tarehe. Waliokuwa wameugua korona tuliwangoja wiki saba baada ya kupimwa na kukutwa na virusi, kama utafiti wa mwaka 2021 ulivyoshauri, isipokuwa ugonjwa wao haukuruhusu, na tarehe hiyo mpya nayo ikaandikwa daftarini.

Yule mama wa Kwale alianza kwa dawa za saratani, kisha nikampasua. Huja kliniki kila baada ya miezi sita, na kabla ya kuketi huniuliza kama jina lake bado limo.

Jambo moja la mwisho ambalo wanafunzi wangu hulicheka: namba za simu ziandikwe kwa penseli, kwa sababu watu wetu hubadilisha laini kila mara. Mwisho wa kusubiri uandikwe kwa wino.